Gari la Papa Lililoitwa Bihogo

Wiki iliyopita, hapa Goma, nilipita nyuma ya garaji moja na kukuta kamyoneti iliyokuwa imetoka upande wa Walikale. Bidoni ya mawese ilikuwa imevuja juu ya bati lake, na jua la saa sita lilikuwa likiyapika mafuta yale polepole pamoja na vumbi na unyevu wa magunia. Harufu ikanisimamisha. Nilikuwa na haraka, nina mtoto wa kuchukua shuleni, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda kwenye tumbo, pale chini ya mbavu, mahali ambapo hofu ilikuwa ikilala nilipokuwa msichana mdogo. Watu wengine harufu ya gari huwakumbusha safari na sikukuu. Mimi hunirudisha kwenye kile kipindi ambacho nililipenda gari letu kuliko kitu chochote duniani, na kuliogopa vilevile.

Tulikaa Burungu, katika vilima vya Masisi, kwenye nyumba ya mbao iliyotazama malisho. Papa alikuwa mkulima kama baba yake, maharagwe na viazi kwenye kilima, na ng'ombe wachache waliochungwa pamoja na wa ndugu yake. Mama hakuwa mtu wa vilima. Alizaliwa msituni, upande wa Walikale, na miaka yote aliyokaa kwetu hakuacha kuilalamikia baridi ya Masisi, hata wakati sisi tuliona jua linachoma. Nyumbani tulikuwa sisi na Koko, mama yake Papa, na mdogo wangu Baraka, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Siku Papa alipoondoka kwenda Goma akiwaswaga ng'ombe wake pamoja na wachuuzi, hakutuambia anakwenda kununua nini. Alirudi na gari. Tulilisikia kabla ya kuliona, likipanda kilima kwa sauti ya mtu mzee anayekohoa, na watoto wote wa mtaa wakakimbia kushuka kulipokea. Ilikuwa kamyoneti ya zamani, rangi yake ya kijivu ikiwa imebanduka hapa na pale, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya mpira, na kiti cha mbele kimeshindiliwa majani makavu pale sponji ilipokwisha. Klakson, honi yake, ililia kama mbuzi aliyekanyagwa. Hapakuwa na mtu wa familia yetu aliyewahi kumiliki gari, wala wa kilima kile, na mimi niliona kwamba Mungu ametutazama.

Koko hakuona hivyo. Alilizunguka gari lile akiwa ameshika kiuno, akamwambia Papa kwamba ng'ombe akilala usiku, asubuhi unaweza kukuta amekuwa wawili, lakini hiki chuma kitalala hapo na kuamka kilekile. Papa hakubishana naye. Kesho yake alimtafuta kijana mwenye brashi, akamwandikisha kwenye bodi ya nyuma, kwa herufi nyekundu, jina la ng'ombe mkubwa aliyeuzwa: BIHOGO. Koko alipoelezwa kilichoandikwa aliingia ndani, lakini tangu siku hiyo hakuliita tena chuma. Asubuhi tulimsikia akimuuliza Papa kama Bihogo amelala vizuri.

Nataka niseme wazi kwamba kulikuwa na furaha. Tuliosha gari letu kwenye kijito, tukilisugua kwa matambara na majivu mpaka maji yakawa ya maziwa. Jumamosi Papa alibeba fromaji za Masisi, jibini zile za mviringo, zikiwa zimefungwa kwa majani ya mgomba, na maharagwe na viazi vya majirani, akaenda soko la Kitchanga. Wakati wa likizo alishuka mbali zaidi, kule msitu unakoanzia, akarudi na mawese na mikungu ya ndizi. Na mimi nilikwenda naye. Mimi, msichana, mtoto wa kwanza, nilikaa mbele kando yake, huku watu wazima wakipanda nyuma juu ya magunia.

Hapo ndipo ulipoanza mchezo wetu. Mara tu gari lilipoingia barabarani, Papa aliniambia, "Aline, anza kunihadisia kando." Maana yake ilikuwa nimweleze kila nilichokiona, kushoto na kulia. Yeye alitazama mbele tu, shingo imenyooka, kama mtu aliyebeba mtungi. Nilimhadisia mama mwenye kitenge cha njano, na ndama anayenyonya, na nyumba mpya yenye bati linalong'aa, na wanafunzi wanaocheza mpira wa majani ya mgomba. Alisikiliza yote. Wakati mwingine aliuliza, "Yule ndama iko karibu na njia ao iko mbali?" Nilijibu, naye akatikisa kichwa kwa uzito, kana kwamba nimempa habari kubwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nilidhani ananipenda kuliko baba wengine wanavyowapenda watoto wao, na sikuwa mbali na ukweli, ila sababu niliyoifikiria haikuwa yenyewe.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona na kuyapa maana yangu. Papa alianza kugonga vitu. Aliingia ndani na bega lake likapiga kizingiti, alijikwaa kwenye kigoda ambacho kilikuwa mahali pake siku zote, alimwaga chai mezani kando ya kikombe. Mimi nilijieleza hivi: mtu akizoea kuendesha gari, mwili wake husahau kipimo chake. Anadhani yeye ni mpana kama kamyoneti, ao mwembamba kuliko alivyo, na milango ya nyumba inamchanganya. Niliwaeleza watoto wenzangu jambo hili kwa fahari, kama ugonjwa wa watu wenye magari, nao wakaniamini.

Kisha ikaja siku ya yule mtu wa chukudu. Tulikuwa tunatoka Kitchanga, kwenye kona ya kuteremka. Upande wa kulia, kutoka kwenye njia ya shambani, alitokea mwanamume akishuka kwa kasi na chukudu yake, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, imejaa viazi hadi kumfikia kifuani. Nilimwona tangu mbali. Sikusema. Katika akili yangu mchezo ulikuwa wa kusema vitu ambavyo Papa hangeviona, vitu vidogo, vitu vya kupendeza. Mtu mzima na mzigo mkubwa namna ile, nani asiyemwona? Wakati huo nilikuwa nikimhadisia kipepeo.

Papa alikanyaga freni kwa kuchelewa sana. Yule mtu alijitupa mtaroni pamoja na chukudu yake, viazi vikaenda kila upande, na wamama waliokuwa nyuma wakaita jina la Yesu. Hakuumia zaidi ya kuchunika kiwiko. Alisimama akitukana, kisha alipoona jinsi Papa alivyoshuka, akiwa anatetemeka midomo, akaacha kutukana. Sote tulisaidia kuokota viazi. Tuliporudi ndani ya gari, Papa hakuwasha injini. Aliweka mikono juu ya usukani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Aline, hukumuona?"

Nikasema nilimwona.

"Siku ingine unaniambia na vikubwa," akasema. "Vikubwa njo vya kwanza kuniambia."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Tangu siku ile tumbo langu lilianza kukaza kila Jumamosi asubuhi. Sikumhadisia vipepeo tena. Nilisema mtu, mbuzi, jiwe, mtu, shimo, mtu, na nilipofika nyumbani sauti yangu ilikuwa imekauka na macho yananiwasha. Usiku niliota watu wanatokea kando na mdomo wangu haufunguki. Lakini bado sikuelewa. Nilijua tu kwamba kuna kitu kimewekwa mikononi mwangu, na kwamba kikianguka, kitavunjika.

Kisha nikagundua jambo la Mama.

Alfajiri moja nilitoka kwenda msalani nikakuta mlango wa gari uko wazi kidogo. Mama alikuwa ndani, kwenye kiti cha Papa, amevaa sweta lake nene na Baraka amelala mgongoni. Injini haikuwa inawaka. Alikuwa akikanyaga, akisukuma gia, akirudisha, akikanyaga tena, midomo yake ikisema kitu kama mtu anayekariri katekisimu. Nilirudi kitandani bila kujisaidia. Kesho yake alikuwa pale tena. Siku iliyofuata pia. Wiki iliyofuata alianza kuliwasha na kulisogeza nyuma na mbele ndani ya uwanja, polepole, wakati moshi wa majiko ya jirani ulikuwa bado haujapanda.

Mwanamke wa Burungu haendeshi gari. Hakuna aliyelisema, ni kama vile hakuna anayesema kwamba kuku haogelei. Kwa hiyo nilijiuliza Mama anataka nini, na jibu nililipata kisimani, nilipomsikia akizungumza na rafiki yake, mke wa mwalimu. Rafiki alimuuliza kama bado anajifunza, na Mama akasema, "Nikisha kuizoea, naenda kwetu mbele ya mvua kuanza."

Basi. Mama alikuwa anataka kutuacha. Alikuwa amechoka na baridi, na Koko, na milima, na alikuwa anajifunza gari ili arudi msituni kwao. Niliwaza pia kwamba angemchukua Baraka, kwa sababu alikuwa bado ananyonya, na mimi ningebaki. Jambo hili sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikilisema, litakuwa kweli. Badala yake nikaanza kumfuata Mama kama kivuli, shambani, kisimani, kanisani. Nilikuwa nalala nimeshika upindo wa kitenge chake. Alfajiri nilipomsikia akiamka, niliamka pia, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango nikiwa nimejifunika blanketi, nikilitazama gari lile likienda mbele na kurudi. Mama alinikuta pale akadhani nimependa kuangalia. Alinichekea. Sikuweza kumchekea.

Kilichonimaliza kabisa ni siku nilipomwona Papa. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameegemea ukuta, amefumba macho, anasikiliza injini. Gia ilipolia vibaya aliuma meno kidogo. Ilipoingia vizuri alitikisa kichwa. Kwa hiyo alijua. Papa alijua Mama anataka kuondoka, na amekubali.

Likizo kubwa ilipofika, Papa alitangaza kwamba tutashuka sote mpaka kwa wazazi wa Mama. Baba yake Mama alikuwa hajamwona Baraka. Walikuwa Wakristo kama sisi, lakini wazee wa kule walikuwa na mambo yao ya kumfanyia mtoto kabla hajaanza kutembea, na mchungaji wao aliyajua na kunyamaza. Koko alikataa kwenda, akasema msitu una mbu. Tulipakia fromaji na maharagwe, na njiani tukachukua wachimbaji waliokuwa wakienda Omate kutafuta dhahabu, wakapanda juu ya mzigo na majembe yao. Mmoja wao alikuwa mwanamume mzee kidogo, mwenye jaketi la bluu, aliyetuimbia nyimbo za kanisa mpaka sauti ikamkauka.

Mimi nilihesabu safari ile kuwa ya mwisho. Niliamini kwamba tunampeleka Mama. Alikaa dirishani na Baraka mapajani, mimi katikati, na kila nilipogeuka kumwangalia ilinibidi nirudishe macho haraka barabarani, maana Papa alikuwa anasubiri. Mtu, shimo, mti umeanguka kushoto. Milima ilianza kushuka, hewa ikawa nzito na ya joto, na Mama akavua sweta lake akalikunja vizuri na kuliweka chini ya kiti. Alionekana mwenye furaha. Nilichukia furaha ile.

Msituni kulikuwa na giza la mchana, lile giza la kijani linaloshuka pamoja na matone. Papa alipunguza mwendo, kisha akapunguza tena, mpaka wachimbaji wakaanza kutaniana kwamba wangefika mapema kwa miguu. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Aliinamisha uso karibu na kioo. Nilikuwa nasema bila kupumzika, na alikuwa ananiuliza tena vitu nilivyokwisha kumwambia. Mama aliweka mkono wake nyuma ya shingo yangu akauacha pale.

Tukafika kwenye mto. Daraja lilikuwa magogo yaliyolazwa kwa urefu, mawili ya tairi la kushoto na mawili ya tairi la kulia, na katikati yake hapakuwa na kitu, unayaona maji moja kwa moja, ya rangi ya chai, yanapita kwa nguvu. Papa alisimamisha gari. Abiria wote walishuka, kama ilivyo desturi kwenye madaraja ya namna ile. Wakasimama kando wakingoja. Papa hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani kama siku ile ya chukudu.

"Mama Aline," akasema. "Kamata volan."

Mama alinipa Baraka, akashuka, akazunguka mbele ya gari kwenda upande wa usukani. Yule mzee wa jaketi la bluu akaona kinachotendeka, akakaribia dirisha la Papa, akasema kwa heshima, lakini kwa sauti ambayo wote walisikia, "Papa, utaacha mwanamuke apitishe gari hapa? Iko na vitu vyetu."

Papa alifungua mlango akashuka. Alishikilia mlango ule, akawageukia abiria kule zilikotoka sauti zao.

"Njo yeye atapitisha," akasema. "Mimi sioni magogo."

Nakumbuka kelele za maji, na ndege mmoja, na Baraka akininyonya kidole. Ilikuwa mara ya kwanza baba yangu kulisema jambo lile mbele ya watu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Mimi sikulielewa kwa kichwa, nililielewa kwa tumbo. Kipepeo, mtu wa chukudu, kizingiti, chai mezani, "iko karibu ao iko mbali", vyote vilianguka mahali pake kwa mara moja, kama viazi vinavyomiminwa kutoka kwenye gunia. Haukuwa mchezo. Kwa muda wote ule nilikuwa macho ya baba yangu, na hakuna aliyeniuliza kama nayaweza.

Mama alinifunga Baraka mgongoni, akaniambia nivuke kwanza na Papa. Papa akaweka mkono wake begani mwangu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Tulikwenda juu ya magogo ya kushoto, mimi mbele, yeye nyuma, na kila hatua aliniuliza pa kukanyaga, nami nikamwambia. Kwa ajabu, katikati ya daraja, hofu yangu ilipungua. Sasa nilijua kazi yangu ni nini. Upande wa pili tukageuka, nikamweleza Papa mahali Mama alipo.

Yule mzee ndiye aliyesimama mbele ya gari. Baada ya kusema yale aliyosema, alivua jaketi lake, akatembea kinyumenyume juu ya magogo, akimwonyesha Mama kwa mikono, kidogo huku, kidogo kule. Bihogo akapanda magogo. Alikuja taratibu, na nikaona uso wa Mama nyuma ya kioo, mdogo, midomo ikikariri. Katikati gogo moja la kulia likajiviringisha. Tairi likateleza, gari likainama upande mmoja, na injini ikazimika.

Papa alikuwa amekaza vidole begani mwangu mpaka nikaumia. Hakuweza kuona umbali ule katika giza lile, lakini alikuwa amesikia. Akauliza, "Amesimama wapi?" Nikamwambia katikati. "Tairi iko juu ya gogo ao iko inaning'inia?" Nikaangalia vizuri kuliko nilivyowahi kuangalia kitu maishani. Nikasema nusu yake iko juu. Papa akainua uso akaita, si kwa kelele, kama mtu anayemwita mtu wa chumba cha pili, "Mama Aline, washa. Usikanyage mingi. Acha ipande yenyewe."

Injini ikakohoa, ikafa. Ikakohoa tena, ikashika. Papa alikuwa anaisikiliza kama alivyokuwa anaisikiliza kwenye kona ya nyumba, na mimi nikaelewa kwamba asubuhi zile zote walikuwa wawili. "Njo vile," akasema polepole, kwangu, si kwa Mama. Gari likatetemeka, likapanda, likanyooka. Mzee akaendelea kurudi nyuma, mikono juu, na kisha matairi ya mbele yakagusa udongo.

Mama alishuka, akaenda mtoni akanawa uso. Alipopanda juu tena, hakumuuliza mtu. Aliingia upande wa usukani akafunga mlango. Papa alipapasa ubavu wa gari, akapita nyuma yake mpaka akafika kwenye mlango wa pili, ule wa kamba ya mpira, akaketi dirishani. Mimi nikabaki katikati yao.

Tulikuwa tumekwenda kidogo nilipomuuliza Mama kama, akishafika kwao, atalichukua gari ao atatuachia. Akaniuliza kutuachia vipi. Nikamwambia yale niliyoyasikia kisimani. Nilikuwa nimejaribu kuyasema kama mtu mkubwa, lakini mwisho wake nililia.

Mama alisimamisha gari katikati ya barabara. Wachimbaji waligonga bati wakiuliza kuna nini. Hakuwajali. Alinitazama, na nikaona jambo likimwingia, alfajiri zile, mimi na blanketi langu kwenye ngazi.

"Kama nilitaka kuwaacha, ningeenda na miguu," akasema. "Gari njo ya kuwabeba."

Kisha akanifuta uso kwa kiganja, akaweka gia. Papa alitazama dirishani, ingawa najua sasa kwamba hakukuwa na kitu alichokiona kule.

Kwa wazazi wa Mama, babu yangu alitoka kumpokea mkwe wake kama inavyopaswa, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa shofere, akaufungua, akamkuta binti yake. Alisimama pale ameshika mlango. Halafu akaita wake za wanawe waje waone, na jioni ile ilibidi Mama alizungushe gari uwanjani mara nyingi kuliko mafuta yalivyoruhusu.

Tulirudi nyumbani Mama akiwa anaendesha. Watu wa Burungu walisema waliyoyasema, wakachoka. Baadaye vita vilipopanda kilima chetu, ni Mama aliyetutoa, sisi na Koko na majirani waliolundikana nyuma mpaka jina la Bihogo halisomeki. Tulipokimbilia Sake, alilifanyisha gari kazi ya kubeba samaki na wachuuzi wa Shasha, na fedha yake ndiyo iliyonisomesha. Papa alipoteza macho kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba moja baada ya jingine. Gari lilikufa kabla macho yake hayajafungika kabisa. Tuliliuza vipande vipande.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba macho yalianza kumwacha baada ya kununua gari, kwamba jambo hilo lilimjia kama bahati mbaya. Ni juzijuzi tu nilipomuuliza. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yetu hapa Goma, anachambua maharagwe kwa vidole, kazi anayoifanya vizuri kutushinda sote. Nilimuuliza ilikuwaje mtu auze ng'ombe wote kwa ajili ya gari, halafu macho yaharibike mwaka uleule.

Akaendelea na maharagwe yake. Akaniambia kwamba yalikuwa yameharibika mbele, kabla ya gari. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia, tansio ya macho, ile presha inayokula macho polepole, haina kurudi nyuma. Tangu utoto alikuwa ametaka kuendesha gari. Akaona akingoja, hatafika.

"Nikasema, acha kwanza niendeshe," akasema. "Niende nione fasi zote penye nilisikia majina tu."

Nilifikiria wamama wale wote juu ya magunia, na yule mtu wa chukudu, na mimi mwenyewe, mdogo namna ile, nikisema mtu, mbuzi, shimo. Nilitaka kukasirika, na nadhani nilikuwa na haki hiyo. Lakini alikuwa anatabasamu kuelekea ukutani, na nikajua kwamba yuko mahali fulani kwenye barabara ya kushuka, na anaona vizuri.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Hatukujua amesikia kiasi gani. Nilimtazama usoni nikaona kwamba hata yeye alikuwa halijui jambo lile, kwamba Papa alimweleza habari ya macho baada ya kununua gari, wakati hakukuwa tena na njia ya kuficha. Akamimina maji ya sufuria uani, akafuta mikono kwa kitenge chake.

"Ungeniambia, Papa Aline," akasema, "ningejifunza mapema."